Jinsi ya kurudia kitabu cha majini ulichokipenda utotoni

Kitu cha kwanza, usikifungue. Najua umekitafuta mpaka umekipata, kipo hapo mezani na mkono unawasha, ila subiri kidogo, chukua daftari au hata hiyo simu yako uandike kwanza unachokikumbuka. Kila kitu yaani. Nani alifanya nini, jini alitokea wapi, ile picha ilikuwa upande gani wa ukurasa, ulikuwa unasomea wapi, nani alikuwa anakusomea. Andika hata vile usivyo na uhakika navyo, tena hivyo ndo uviandike zaidi, maana ukishasoma ukurasa wa kwanza tu imeisha hiyo, kitabu kitazifuta kumbukumbu zako kimyakimya na utakuja kuapa mbele za watu kwamba ulikuwa unakumbuka vizuri tangu mwanzo.

Mimi nilichokirudia ni Alfu Lela Ulela, zile hadithi za usiku elfu moja na moja. Cha kwetu nyumbani hakikuwa na kava, kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa magunia, na kurasa za mwisho hazikuwepo kabisa, inasemekana bibi alizifungia karanga. Kusoma nilikuwa sijakuweza, msomaji alikuwa dada yangu, yeye yuko la sita mimi la kwanza, chumba kimoja, chemli tumeishusha utambi ili mama asione mwanga chini ya mlango. Sasa hivi nina miaka 41, nikasema ngoja nikitafute, na kabla sijakifungua nikaandika nilivyovikumbuka. Vilikuwa vitano tu, nikashangaa, kitabu chote kile kimebaki vitano.

La kwanza, kuna mfalme mkali na mkewe anamsimulia hadithi ili asiuawe. La pili, mfanyabiashara kakaa chini ya mti anakula tende, katupa kokwa, kokwa ikampiga mtoto wa jini akafa, baba mtu akatokea na upanga (hii iliniharibia Ramadhani zangu zote, nilikuwa nafuturu halafu kokwa naziweka mfukoni kwenye kanzu, mama akifua anazikuta). La tatu, mvuvi na jini wa kwenye mtungi wa shaba. La nne, Sindbad kushuka kisiwani kumbe ni samaki. La tano ndo lilikuwa kipenzi changu, jini mkubwa kama mbuyu kaenda usiku kwa mama mjane kuomba uji wa ulezi usio na sukari, na kila akimaliza bakuli anapungua, bakuli la saba akawa kama kidole gumba, akatoka kupitia tundu la ufunguo. Hilo la uji likumbuke, tutarudi.

Baada ya hapo ndo unatafuta kitabu chenyewe, na hapa watu wengi wanakosea, wanachukua chochote chenye jina lile. Kitabu cha utotoni hukupenda hadithi peke yake, ulipenda maneno yake. Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili ipo ya zamani, ya enzi za Mwingereza, ile ya Longmans, na ipo tafsiri ya Hassan Adam waliyoitoa Mkuki na Nyota, juzuu kadhaa, halafu vipo vile vijitabu vyembamba vya watoto vyenye hadithi moja moja. Havifanani. Kiswahili kile cha zamani kina mwendo wake, watu wanaambiana "ewe" na "la hasha" na wala huoni ajabu, ukikuta hiyo hiyo hadithi kwa Kiswahili cha juzi unaona kama mtu kamvalisha babu yako jinzi. Sisemi ni mbaya, babu mwingine zinampendeza, ila siyo yule wa kwenu.

Kwa hiyo jitahidi upate kile kile, au ndugu yake wa karibu. Uliza nyumbani kwanza kabla ya kwenda dukani, ulizia ile familia iliyokuwa na mwalimu, kila ukoo una mwalimu mstaafu mwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Pitia wale wa vitabu vya mtumba wanaotandika chini barabarani, usiulize jina, waambie "cha majini", watakuelewa. Maktaba za mkoa nazo usizidharau. Na ukikosa kabisa basi chukua iliyo kamili kuliko zote unazozipata, siyo ya kufupishwa, maana aliyefupisha kakata zile zile sehemu ambazo sasa hivi ndo umekua vya kutosha kuzisoma. Sinema usiiguse mpaka umalize, ukishaona ile sura ya jini wa kwenye sinema basi jini wako wa moyoni hayupo tena.

Muda wa kusoma ni usiku, na ni hadithi moja, ukizidisha sana mbili. Mimi nilianza kwa pupa, nikawa nasomea kwenye daladala asubuhi naenda kazini, kondakta anagonga bati, mama mmoja kaniwekea ndoo ya samaki miguuni, hadithi ya nne nikaona mbona kitabu chenyewe cha kawaida tu. Kitabu hakikuwa na shida. Angalia kilivyotengenezwa, Shahrazad, yule mke wa mfalme, anasimulia usiku, kukikucha anakatisha katikati, mfalme anabaki na hamu anamwacha mpaka kesho. Kimeundwa kukatishwa kile, wewe ukikisoma kama unapiga deki lazima kikuchoshe. Halafu soma kwa sauti, hata ya kunong'ona kama kuna mtu amelala, mdomo una kumbukumbu zake. Kuna sentensi nilikuwa siikumbuki hata chembe, nimeifikisha nusu mdomo ukaimalizia wenyewe kabla jicho halijafika, nywele zikanisimama.

Sasa utamu wenyewe. Ukiwa unasoma weka ile orodha yako pembeni, na kila ukikuta kitu kikubwa ambacho hakimo kwenye orodha simama, jiulize hiki nilikirukaje. Usihangaike sana na yale uliyoyakumbuka, hayo ulishayala yakaisha, wewe winda uliyoyaruka.

Mfano, Sindbad. Mimi kwenye kichwa changu Sindbad alikuwa anaanzia baharini. Kumbe haianzii baharini, inaanzia kwa hamali! Kuna mtu maskini Baghdad, kazi yake kubeba mizigo ya watu kichwani, siku hiyo jua kali, kachoka, kaona kibao nje ya jumba la tajiri akatua mzigo akakaa, ndani kunanukia mapochopocho na muziki unapigwa, akaanza kulalamika kwa mashairi kwamba Mungu wangu mimi nafanya kazi kama punda, wengine wamekaa kivulini wanakula, na wote si umetuumba wewe. Tajiri kasikia. Kamwita ndani, kamlisha, ndo anaanza kumhadithia safari zake saba ili amwonyeshe kwamba huo utajiri aliutolea jasho, na kila jioni anampa vipande mia vya dhahabu, nenda kapumzike njoo kesho.

Nikafunga kitabu pale. Mimi nilipomaliza fomu foo nilibeba mizigo sokoni miezi minane kabla sijapata chuo, ile pingili ya shingo ninaijua, na kukaa kwenye baraza ya mtu ukafukuzwa naijua pia. Nikiwa na miaka 7 yule hamali nilimpita kama nguzo ya umeme, nilikuwa namtaka samaki kisiwa. Sasa hivi samaki nampita mimi, nataka kujua yule hamali usiku akirudi na zile dhahabu mia alimwambia nini mkewe. Kitabu hakisemi!

Na safari ya nne ndo kabisa. Sindbad kaoa kwenye nchi ya watu ambao mila yao mke akifa mume anazikwa naye mzima. Mke kafa kweli, akashushwa pangoni na mikate saba na mtungi wa maji. Kama mtoto nilikumbuka giza na mifupa, na kwamba alipona, basi. Alivyopona sasa. Mikate ikaisha, wenye mji wakashusha maiti mwingine pamoja na mwenzake aliye hai na mikate yake, Sindbad akaokota mfupa mkubwa akamponda nao kichwani yule mtu akala mikate yake. Halafu mwingine. Halafu mwingine tena. Akakusanya na vito vya marehemu, akapata upenyo kwa kumfuata mnyama aliyekuwa akiingia pangoni kula maiti, na hivyo vito akaenda kuviuza. Huyu ndo shujaa wangu niliyekuwa namchora kwenye madaftari ya hesabu. Na ndo huyo huyo kamkalisha hamali anamwambia utajiri wangu nimeutolea jasho.

Ukifika pabaya kama hapo usikitupe kitabu, na wala usianze kukitetea kama wakili. Watu wanaorudia vitabu vya utotoni wanagawanyika hapo, kuna anayesema nimedanganywa utoto wangu wote, na kuna anayesema aaah zamani mambo yalikuwa hivyo. Wote wawili wamekimbia. Wewe andika pembeni, "hapa panauma", endelea. Utaandika sana maana yamo mengi. Mfalme Shahriar kabla ya kumwoa Shahrazad alikuwa anaoa binti kila usiku na kumuua kila asubuhi, miaka mitatu, mpaka mji ukaishiwa mabinti, mimi nilikuwa nimeandika "mfalme mkali". Mkali ni mwalimu wa zamu bana. Na watumwa weusi wamejaa humo, karibu kila wakitokea ni wachafu au waovu, na baadhi ya hao ni watu waliotolewa pwani hii hii yetu, Waarabu wakituita Zanj, jina ambalo mpaka leo limekaa kwenye Zanzibar. Utotoni nilikuwa nasoma nikiwa upande wa mfalme. Hakuna aliyeniambia nikae kule, nilienda mwenyewe.

Ila kuna na yale uliyoyaruka ambayo ni matamu tu. Mimi na dada tulikuwa na mchezo, kufungua kabati la vyombo ni mpaka useme "funguka simsim", na nilijua kabisa simsim ni neno la kichawi, halina maana, kama abrakadabra. Nimekuja kurudia Ali Baba nafika pale kaka yake Kasim kanasa ndani ya pango, neno la kufungulia mlango kalisahau, anajaribu shayiri, anajaribu nafaka nyingine, mlango umenuna. Nikajiuliza kwa nini nafaka? Si nikamuuliza jamaa mmoja wa Mombasa niliyekuwa nafanya naye kazi, simsim ni nini. Akaniangalia akanionea huruma. Simsim ni ufuta. Ufuta huu huu wa kwenye mkate wa ufuta, wa kwenye kashata, ninaoula kila siku! Huku kwetu tunaita ufuta, wao wanaita simsim kama Waarabu, na mimi miaka thelathini na kitu natembea na neno la uchawi kumbe ni mbegu ipo jikoni. Na Kasim wa watu alikufa kwa sababu alikuwa anataja vyakula vyote isipokuwa hicho kimoja. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Humo humo kwa Ali Baba muangalie Morgiana. Ali Baba unayemjua hafanyi kitu, anachungulia tu juu ya mti na kubeba hela. Mwenye akili pale ni mtumwa wa kike, ndo anafuta maana ya alama ya chaki waliyoweka majambazi mlangoni kwa kuchora na milango ya majirani, ndo anagundua kwamba ile mitungi 38 uani mmoja tu una mafuta na 37 ina majambazi, na anayatokosa mafuta na kumaliza kazi usiku ule ule wakati bosi wake amelala. Jina la hadithi anapewa bosi. Ukishafanya kazi ofisini miaka kumi utaielewa hii bila kufafanuliwa.

Sehemu zikikuchosha ziruke, hakuna mtihani. Zipo kurasa za kusifu uzuri wa binti, uso kama mwezi wa kumi na nne, nyusi kama upinde, tunaendelea tu na nyusi, mimi nilizipita kama kituo ambacho hakuna abiria. Ila usiruke mwanzo wa hadithi, hiyo nakuomba, ukiruka mwanzo ndo unampoteza hamali.

Kama una watoto usianze kuwasomea mpaka umemaliza mwenyewe. Mimi nilijiamini nikamsomea binti yangu wa miaka 8 bila kupitia, tukaingia moja kwa moja kwenye lile tukio la mke wa kwanza wa mfalme na mtumwa bustanini, ikabidi nikohoe kurasa mbili nzima. Toka hapo nachagua. Mvuvi na jini inafaa sana, na nikwambie tu hata wewe itakushika tofauti. Jini kafungiwa kwenye mtungi kwa muhuri wa Nabii Suleiman, kakaa chini ya bahari karne na karne, mwanzoni anaapa atakayemtoa atamtajirisha, hakuna aliyekuja, akaongeza ahadi, hakuna aliyekuja, mwisho hasira zikamjaa akaapa atakayemtoa atamuua. Utotoni nilimwona hana shukrani. Sasa hivi namwelewa sana tu, nina meseji za watu niliowangoja nikiwa na nia njema kabisa, walivyokuja kujibu nilikuwa nimeshageuka jini.

Haya, uji.

Nilimaliza kitabu chote na yule jini wa uji wa ulezi sikumwona. Nikadhani juzuu imepungua kurasa, nikatafuta nyingine, hayumo. Nikaanza kuhisi labda ni kitabu kingine nimechanganya, nikauliza watu, hakuna anayemjua. Nikampigia dada. Yupo Mwanza siku hizi, ana wajukuu. Nikamwambia dada shikamoo, samahani kwa usiku, unakumbuka yule jini wa uji yuko hadithi gani? Kimya kidogo, halafu nikasikia anacheka, anacheka mpaka anakohoa. "We mtoto we, kile kitabu kilikuwa hakina mwisho! Bibi alikichana. Nikifika pale palipochanwa unalia, sasa ningefanyaje, nikawa natunga."

Kwa hiyo hadithi niliyoipenda kuliko zote kwenye kitabu nilichokipenda kuliko vyote, kwenye kitabu haimo.

Nilikaa nayo siku mbili tatu naona kama nimeibiwa. Halafu nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisoma kuhusu hicho hicho kitabu, kwamba Aladini na Ali Baba hawamo kwenye maandishi ya zamani ya Kiarabu. Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapisha tafsiri yake Paris mwaka 1704, ikapendwa, watu wakawa wanadai zaidi na hadithi alizonazo zimekwisha, na mwaka 1709 akakutana na kijana kutoka Aleppo kule Syria, Hanna Diyab, akawa anamsimulia kwa mdomo na yeye anaandika vidokezo. Aladini alitokea hapo. Ali Baba, na simsim yake, hapo hapo. Karatasi zimeisha, msikilizaji anadai, mtu akafungua mdomo.

Na nikarudi kwenye mwanzo wa kitabu kuangalia kitu kimoja. Shahrazad haanzi kusimulia kwa sababu mfalme kamuomba. Anayeomba ni mdogo wake, Dinarzad, kaletwa makusudi chumbani, analala hapo hapo, na ndo anayesema dada yangu hebu tusimulie moja ya zile hadithi zako. Kila usiku. Kwenye orodha yangu ya vitu vitano Dinarzad hakuwemo.

Kwa hiyo usipokikuta kitu chako kwenye kitabu usikae ukimlaumu mchapishaji, mpigie aliyekuwa anakusomea, kama bado yupo, na upige mapema kuliko mimi nilivyofanya. Nilimwomba dada anirekodie ile ya uji, akakataa wiki nzima, mara simu ya wajukuu, mara sauti imekauka, juzi usiku ikaingia voisinoti ya dakika kumi na moja. Nimezima taa nikaiweka sikioni. Jini kaja, kagonga, mjane kafungua, na uji kawekewa, wa mchele. Nikamwandikia dada ulikuwa wa ulezi. Akajibu, "Unajua wewe au najua mimi?"